Bi Jeti na Kabureta ya Mkunga

Pikipiki nzima hujitangaza kwa mlio, na mbovu hujitangaza kwa kusukumwa: matairi yanasaga kokoto, mnyororo unalia tiki-tiki, mtu anahema. Bi Jeti alisikia kokoto, akasikia mnyororo, akasikia mtu akihema, na kabla hajainua kichwa kutoka mezani kwake alishajua ni nani. Moyo ukamwambia, usitazame. Akatazama.

Mkunga alikuwa anaiingiza pikipiki yake langoni mwa gereji, helmeti imening'inia kwenye kiwiko, mkoba wa kazi mgongoni, jasho limemlowesha ukosi wa sare.

"Mama, imenizimikia tena," alisema. "Pale kwenye mteremko, mbele ya kinu."

"Jana ilitoka hapa inaimba."

"Iliimba mpaka kinuni. Nadhani wimbo wenyewe una beti moja."

Mafundi waliokuwa wamelala chini ya gari walicheka huko huko chini, miguu yao tu ndiyo ikitikisika. Bi Jeti hakucheka. Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara mbili ameifungua kabureta ile ile, ameisafisha kwa mikono yake hii, ameifunga, ameijaribu, na mara mbili imerudi kama paka aliyetupwa mbali akaijua njia. Kwa fundi, kitu kuletwa mara ya kwanza ni kazi. Mara ya pili watu wanaanza kukohoa ukipita. Mara ya tatu hawakohoi tena, wanakuonea huruma, na huruma ndiyo Bi Jeti hakuiweza kabisa.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe na mwenye gereji, alitoka stoo akijifuta mikono kwa tambara.

"Shemeji, nilisema nini ilipokuja mara ya pili?"

"Ulisema mengi. Lini ulisema machache?"

"Nilisema ikirudi tena, naifunga kabureta mpya, yaishe. Na hii meza naifanya kaunta." Akaonyesha stoo kwa kidevu. Huko ndani maboksi ya kabureta mpya yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari, bado na nailoni zake. "Watu siku hizi hawana subira ya kukaa mtu ampulizie tundu. Anataka kitu kwenye boksi, afungiwe, aende zake. Sikufukuzi, lakini mwenzio nafanya biashara."

"Nipe mpaka kesho mchana."

"Na leo mkunga aende na pikipiki ipi? Kuna watu wanajifungua huko."

"Mpe ya kwako."

Shemeji akatoa ufunguo mfukoni. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu mwenye haraka, na mwenye haraka akimiliki kitu cha mtu asiye na haraka, ugomvi haukosi. "Kesho mchana," alisema. "Na leo narudi nyumbani kwa miguu, ujue."

"Utapungua tumbo."

Meza yenyewe, ukiiona, usingeiita mali. Mbao nene zilizokunywa mafuta mpaka zikawa nyeusi, mguu mmoja umeongezwa kipande cha tairi ili usiyumbe. Lakini ilikuwa meza ya baba mkwe. Bi Jeti alipoletwa pale bibi arusi, kazi yake ilikuwa kumpelekea mzee chai ya saa nne na kurudi na birika. Siku moja alimkuta mzee ameshika kitu kidogo cha shaba, amekielekeza juani, anakitukana. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Mwanangu, njoo uniazime macho," alisema mzee. "Tazama humu. Unaona mwanga?"

Ilikuwa jeti, kijiskrubu chenye tundu jembamba katikati, mahali ambapo petroli ya injini nzima inapita ikienda kuchanganyika na hewa. Yeye akafumba jicho moja.

"Naona mwanga, baba, lakini una kope."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akamkabidhi unywele mmoja uliong'olewa kwenye mswaki, akamwonyesha namna ya kuupitisha taratibu, kisha namna ya kupuliza kwa mdomo na kusikiliza pumzi inavyotoka upande wa pili. "Ukiona fundi anachokonoa jeti kwa waya, mkimbie," alimwambia. "Waya unapanua tundu. Tundu likishapanuka, pikipiki inakunywa petroli kama mlevi anayenunuliwa." Basi macho aliyoazima siku ile mzee hakuyarudisha tena mpaka anaingia kaburini. Birika likatafutiwa mtu mwingine, na bibi arusi akaitwa Bi Jeti, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki la vyeti.

Na mzee ndiye aliyeweka mpaka. Bi Jeti na shemeji yake waliwahi kugombana vibaya, kila mmoja akimwambia mwenzake kuwa ubovu uko kwake, hadi mzee akapiga nyundo juu ya meza. Akashika ule mpira unaoteremsha mafuta kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta. "Juu ya mpira ni kwako wewe," akamwambia mwanawe, kisha akamgeukia Bi Jeti. "Chini ya mpira ni kwako wewe, mwanangu. Asivuke mtu." Mzee alikufa, mpaka haukufa. Miaka yote hiyo Bi Jeti hakuwahi kufungua kifuniko cha tangi la mtu, wala shemeji hakuwahi kugusa jeti.

Kwa hiyo siku ile alifanya kazi yake upande wake. Alitandaza sinia jeupe. Akaifungua kabureta na kupanga vipande kwa mfuatano wa kutoka: kikombe cha chini, boya, sindano, jeti kubwa, jeti ndogo, skrubu ya hewa. Alilitikisa boya sikioni kusikia kama limeingiwa na petroli, likawa kavu. Sindano ilikaa sawasawa mahali pake. Gasketi aliikata mwenyewe juzi, haivuji. Lakini ndani ya kikombe, na ndani ya tundu la jeti ndogo, kulikuwa na kile kitu tena: ute mweupe unaokaribia bluu, unateleza, umekaa kama kamasi ya mtoto mwenye mafua.

"Wewe ni nani?" aliuuliza ute ule, kwa sauti.

Mara ya kwanza alisema ni maji kwenye petroli, akakilaumu kituo cha mafuta. Mara ya pili alisema ni mpira umeoza kwa ndani, akaubadilisha. Alimwomba na shemeji atazame tangi, shemeji akafungua kifuniko, akanusa, akalitikisa, akasema, "Safi." Sasa hakubaki wa kulaumiwa, isipokuwa mikono yake mwenyewe, na hapo ndipo palipomuuma. Aliitazama mikono ile. Alijaribu kuunusa ute, bure. Pua yake petroli iliizika zamani, hata kitunguu kikiungua nyumbani huambiwa. Akaukwangua ute, akauweka kwenye kifuniko cha chupa, akakifunika na kingine, kama mtu anayehifadhi jino lililong'oka. Kisha akasafisha, akapuliza kwa pampu ya baiskeli, akatazama mwanga ndani ya tundu. Mwanga ulikuwa safi, wa mviringo, hauna kope. Na alijua haitasaidia. Hakuna kinachochosha kama kufanya kazi vizuri huku ukijua itaharibika.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Mumewe alikuwa kibarazani, mguu juu ya kigoda, bendeji mpya inang'aa.

Huyu mumewe watu walimwita Foromani. Gereji ya baba hakuipenda kwa sababu hakupenda grisi, alipenda kupiga kelele, akaenda machimboni ambako watu hulipwa kwa kupiga kelele. Huko jiwe likamwangukia mguuni. Mguu ulipona nusu, kidonda kikawa kinafunga na kufunguka. Mkunga ndiye aliyekuwa akipita kukisafisha akitoka kazini, na hakuwahi kukubali hata embe. Tangu hapo Foromani alibaki na sauti ya watu mia na kazi mbili tu: kufukuza kuku, na kukata mche wa sabuni.

Bi Jeti aliinama kwenye karai apate kunawa. Akapapasa.

"Sabuni iko wapi?"

"Sabuni gani?"

"Humu ndani tuna sabuni ngapi, bwana? Ile ya bluu. Wiki hii vipande vinapungua kama vina miguu."

"Labda panya."

"Panya anafua?"

Foromani alijikuna shingo. "Mke wangu, kuhusu hiyo pikipiki ya mkunga..."

"Nyamaza kwanza! Nimeisikia pikipiki hiyo kutwa nzima. Nikifika hapa niisikie na kwako? Kesho mchana mdogo wako anaipangia meza ya baba maboksi, na mimi sijui kosa langu ni lipi. Ningelijua kosa ningelala."

"Ndiyo maana nilitaka..."

"Nyamaza, nimesema."

Foromani akanyamaza. Akakata kipande kipya cha sabuni, akakitumbukiza kwenye karai, akasema polepole, "Basi, jikaze kisabuni." Halafu kama aliyejing'ata ulimi, akaugeukia mguu wake na kuanza kuutazama kana kwamba umeletwa leo.

Asubuhi Bi Jeti aliamka na hasira zake zote, hazikupungua hata moja. Akaliendea karai. Kipande kile kilikuwa kimelala kwenye maji usiku kucha, kimevimba, kimelegea, na alipokishika kikamponyoka na kumwachia ute kwenye vidole.

Akasimama pale pale, mikono inatiririka maji. Vidole vilijua kabla yake yeye. Akavisugua kimoja kwa kingine. Ulaini ule ule, na rangi ile ile iliyokaribia bluu.

Chai aliiacha mezani. Gereji aliikuta ina mlinzi peke yake. Alifunua kile kifuniko cha chupa, akadondoshea maji, akasugua kwa kidole. Ute ukatoa povu. Povu jeupe, zuri, la kufulia mashuka.

Hapo Bi Jeti akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mzee apige nyundo. Akavuka mpaka. Alifungua kifuniko cha tangi, akamulika kwa tochi, akasogeza uso karibu, macho yakamwasha kwa mvuke. Pale karibu na mdomo wa tangi, kwenye mshono wa bati, mtu alikuwa amesokomeza kipande cha sabuni ya bluu kwa ndani, akakigandamiza kwa dole gumba. Kuziba tangi linalovuja kwa sabuni ni jambo la kawaida, waendesha pikipiki wote hufanya, lakini hupaka kwa nje. Huyu ameweka kwa ndani. Na kifuniko cha tangi ni kibovu, mvua inaingia, maji yanailainisha sabuni, na sabuni inateremka na mpira kwenda kwa Bi Jeti.

Upande mmoja wa kile kipande ulikuwa bado haujaliwa. Ulikuwa umenyooka kama kioo. Kisu huacha meno kwenye sabuni. Uzi hauachi kitu. Na mtu anayekata sabuni kwa uzi, kwa kuuzungusha na kuvuta huku na huku kama alivyojifunza machimboni, Bi Jeti alimjua mmoja tu, na alimwacha kitandani anakoroma.

"Umepata?" Sauti ya shemeji ilimshtua. Alikuwa anaingia langoni, viatu vimejaa vumbi la kutembea.

Ulimi ulitaka kusema. Ulishafika menoni. Lakini alimjua shemeji: huyu tangu utoto alikuwa akisubiri siku ya kumcheka kaka yake, na akimcheka, mtaa mzima utaalikwa. Kulificha nako hakuwezekani. Akiitoa sabuni kimya kimya, petroli itavuja juu ya injini ya moto, na aliyekaa juu ya tangi ni mkunga.

"Mchana nitakwambia," alisema.

"Mchana ni mchana, shemeji. Kijana wa maboksi nimemwambia aanze kuyatoa."

Njia yote ya kurudi nyumbani alikuwa anasema peke yake. Foromani alimwona tangu mbali, akaona mwendo, akaiweka chini bilauri ya chai.

"Umejua," alisema.

"Kwa ndani!" Bi Jeti alisimama mbele yake, mikono kiunoni. "Wewe mwanaume! Dunia nzima inapaka kwa nje, wewe unasokomeza kwa ndani!"

"Ya nje inatoka. Nilifikiri ndani ndiyo imara."

"Ndani kuna petroli inayokuja kwangu mimi!"

"Tangi lake lilikuwa linalia, mke wangu. Alikuja kunifunga kidonda, sketi imelowa petroli, nikamwambia iache hapo nitaiona. Mtu ananiosha mguu huu, hata embe hataki. Nikasema ngoja na mimi, mara moja, nimfanyie mtu kitu." Sauti yake ya machimboni ilikuwa haipo, hii ilikuwa sauti ndogo ambayo hata kuku wasingeikimbia. "Na ilipolegea nikaongeza nyingine."

"Ukaongeza! Mimi najishuku mikono yangu, nakaribia kuamini nimezeeka, na wewe unaongeza! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Jana. Na siku ile ya kwanza. Na ile siku nyingine ulipokuwa unamenya viazi. Kila nikianza, unasema nyamaza kwanza. Nimekaa na hiyo 'kwanza', nasubiri 'pili', haiji."

Bi Jeti alikaa kwenye ngazi. Hasira zilikuwepo bado, ila sasa hazikujua ziende kwa nani. Baadaye akasema, "Nikimwambia mdogo wako, atakucheka mpaka uzeeni. Nisipomwambia, meza imekwenda."

Foromani alipapasa fimbo yake. "Mimi uzeeni nimeshafika," alisema. "Atacheka kidogo tu."

Mwendo wao kwenda gereji ulikuwa mateso mengine. Foromani hakuwa ametoka mtaani siku nyingi, na kila mtu alitaka kumjulia hali, na yeye kila mtu alimjibu kwa kirefu. "Twende, bwana," Bi Jeti alisema, na tena "Twende," na jua linapanda. Walipofika, maboksi yalikuwa tayari yamejaa juu ya meza. Sinia jeupe lilikuwa chini, kwenye vumbi, na jeti ndogo imebingirikia karibu na tairi bovu.

"TOA!" alisema Foromani.

Ile sauti ilikuwa imerudi. Mafundi walitoka chini ya magari. Kijana wa maboksi alilidondosha alilolishika.

"Kaka?" alisema shemeji. "Nani amekuleta?"

"Miguu yangu, nusu yake. Sikilizeni wote, sirudii. Kabureta haina kosa na mke wangu hana kosa. Mimi ndiye niliyetia sabuni ndani ya tangi la mkunga. Ndani. Sasa chekeni, mmalize."

Wakacheka. Shemeji alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Ndani! Kaka, ulitaka injini iwe safi?" Mwingine akadakia kuwa ndiyo maana ilizimika kinuni, ilikuwa inatafuta maji ya kusuuzia. Bi Jeti alisikia kila neno, na kila neno lilimchoma, akatamani kumrushia mtu spana. Foromani alisimama tu, ameegemea fimbo, akiwasubiri kama anavyosubiriwa mtu anayepiga chafya.

Walipopungua, akauliza taratibu, "Mdogo wangu. Juu ya mpira ni kwa nani?"

Shemeji akaacha kucheka.

"Mzee alisema juu ya mpira ni kwa nani?"

"Kwangu," alisema shemeji.

"Mke wa kaka yako alikuomba utazame tangi. Ulitazama?"

"Nililinusa."

"Ulilinusa. Sabuni ya bluu, kubwa kama kidole, ulilinusa ukasema safi."

"Safi ilikuwa," alisema fundi mmoja. "Si sabuni?" Na safari hii kicheko kilimgeukia mwenye gereji.

Shemeji aliitazama meza, akaitazama jeti kwenye vumbi. Aliiokota mwenyewe, kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kitu cha wenyewe, akaiweka kwenye sinia. "Haya," alisema. "Tangi langu. Lakini maboksi nimeshayaleta, shemeji, siwezi kuyala. Tugawane meza, nusu kwa nusu."

"Meza ya baba haigawanywi. Yaweke chini yake."

"Mteja atayaonaje huko chini?"

"Anayetaka mpya atainama."

Tangi likamwagwa, likasuuzwa, likajazwa maji lisilipuke, likachomelewa mshono wake na shemeji mwenyewe, kisha likakaushwa. Bi Jeti akaisafisha kabureta mara ya nne, akikisema kila kipande. Jioni mkunga alikuja, akasimuliwa, akamwangalia Foromani, akasema tu, "Baba, kesho nakuja kukifunga. Na kifuniko cha tangi usikiguse." Akaiwasha. Bi Jeti alishika bisibisi, akazungusha skrubu kidogo huku, kidogo kule, mpaka injini ikakaa kwenye sailensa, ule mngurumo wa chini inaponguruma yenyewe bila kuongezwa mafuta. Ikakaa. Hakuna aliyepumua mpaka mkunga alipolipita lango, akaupita mteremko, akakipita kinu.

Ungesema mambo yamekwisha. Hayakwisha. Tangu siku ile Foromani amejua njia ya gereji, na haachi kuja. Kiti hakuna, basi anakaa juu ya maboksi, chini ya kivuli cha meza, mguu umenyooshwa. Mteja anayetaka kabureta mpya inabidi amwombe ainuke, na kumwinua Foromani ni mazungumzo ya nusu saa kuhusu mguu, machimbo, na ubovu wa vitu vya boksi. Wengi wanaishia kumpa Bi Jeti ya zamani aisafishe. Shemeji analalamika kila siku. Na Bi Jeti naye analalamika, maana hapati tena nafasi ya kusikiliza pumzi ikipita kwenye tundu.

Juzi alikuwa ameielekeza jeti juani, jicho moja amelifumba, ndipo sauti ikatoka chini ya meza.

"Mke wangu..."

"Nyamaza kwa—" Akajikata. Akashusha jeti, akavuta pumzi, akahesabu hasira zake na kuzimeza. "Haya. Sema."

"Nyumbani sabuni imekwisha."